Kitambaa Kilichorudi

Hakuna pua katika wilaya nzima ya Same iliyoumbwa kama yangu. Mtu akiunguza makande Hedaru, mimi nikiwa huku Same nasikia harufu, na nakuambia kama maharage yalikuwa mekundu au ya njano. Basi, nisizidishe. Juzi makande yangu mwenyewe yaliungua jikoni nami nimekaa mlangoni, na aliyekuja kuniambia ni jirani, tena yule mwenye mafua.

Lakini pua ya zamani ilikuwa pua. Nasema miaka ile ya Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha na sukari imeonekana tena madukani. Nilikuwa msichana, nimemaliza darasa la nne kwetu Mhezi, nikashushwa kutoka mlimani kuja kumsaidia shangazi yangu Zipora, aliyepika makande karibu na stesheni ya Same. Kule Mhezi hewa ni ya ukungu, unaivuta kama unakunywa maji ya mfereji. Same siku ya kwanza nilipiga chafya mfululizo mpaka shangazi akaniuliza kama nimeletwa kusaidia kazi au kupulizia moto.

Mji wenyewe, na tuliuita mji kwa sababu ulikuwa na stesheni, boma, soko na mlevi mmoja wa kudumu, ulivuta hewa ya kila namna. Kila siku saa nane mchana ulikuja upepo kutoka tambarare, ukipita ng'ambo ya reli na kubeba vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Garimoshi lilipofika lilitupulizia masizi. Na kutwa nzima, nyuma ya ua wa minyaa, mashine ya kusaga ya Mzee Ebenezer ililia puu-puu-puu, ikitoa moshi mzito wa mafuta, mweusi kama kiatu cha askari.

Tulikaa tunatazamana na stesheni, shangazi na makande yake, na Mwamvita na vitumbua vyake. Mwamvita alikuwa mtu wa tambarare, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokaa barabarani tangu zamani za babu zao, na ulimi wake ulikuwa haujapumzika tangu hapo. Mgeni akishuka na kuuliza, "Moshi huu unatoka wapi?" Mwamvita anamjibu, "Moshi." Mgeni akiuliza tena, anamwambia, "Na unakwenda Tanga. Kitumbua?"

Sasa, mke wa Bwana DC alikuwa na mashuka meupe. Siku moja alianika mashuka, jioni akaanua kanga. Madoa meusi kutoka pembe hadi pembe. Inasemekana Bwana DC hakula chakula chake kwa raha usiku ule, na asubuhi yake Bwana Afya akaitwa.

Bwana Afya wetu aliitwa Aminieli, kijana wa Usangi, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hata ukiigusa unajikata. Alikuwa mtu wa haki, kasoro yake ni kwamba alipenda sana kuhutubia. Akatukusanya sokoni.

"Hewa ya mji huu ni chafu," akasema.

"Umejuaje?" akauliza Mwamvita. "Umeionja?"

"Mama, tafadhali. Nimeagizwa nitafute nani anaichafua. Aliyeichafua zaidi atahamishwa ng'ambo ya makaburi."

"Garimoshi litahamia makaburini?"

"Garimoshi ni la Serikali," Aminieli akasema, na akakohoa, maana masizi hayajui serikali. "Nazungumzia mashine ya mzee Ebenezer na meko ya kina mama. Mmojawapo atahama."

Mzee Ebenezer alikuwa amesimama mbele, kofia yake ya pama mkononi. Mpare wa mlimani kama sisi, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Akasema kwa upole kabisa, "Bwana Afya, mimi nasaga unga wa watu. Lakini kina mama hawa wanachemsha makande tangu alfajiri. Makande ni chakula kizuri, sikatai, ila kuni zake! Mtu mwenye akili angeanza kutazama huko."

Shangazi Zipora alikuwa mjane, na sufuria lile ndilo lililomlipia mwanawe Tumainieli shule ya bweni. Abiria walikula kwake garimoshi likisimama kuchukua maji. Ng'ambo ya makaburi hakuna abiria. Wateja wapo wengi, lakini wamelala na hawaamki kwa harufu ya makande. Nilimwona akiushika upindo wa kanga yake, anauzungusha kidoleni, anauzungusha.

Aminieli akaeleza alivyojifunza chuoni. Vitambaa vitatu vya bafta nyeupe, vipana kama mashuka, vilivyokatwa sawasawa. Kimoja kwenye mlingoti stesheni, kimoja uani kwa Ebenezer, kimoja kwenye mti hapo kwetu. Vitakaa mpaka Jumatatu ya gulio, kisha vitashushwa vitazamwe mbele ya watu. Kila kimoja akakiandika namba kwa rangi nyeusi aliyoazima stesheni, ile ya kuandikia mabehewa: moja ya stesheni, mbili ya mashine, tatu ya kwetu.

"Hakuna kukigusa," akasema. "Atakayekigusa kitambaa, huyo ndiye atakayehama, sitauliza weusi wala weupe. Na vikishatazamwa vitachomwa moto."

"Vichomwe?" Ebenezer akasema. Sauti yake ilivunjika kama aliyesikia watoto ndio watakaochomwa. "Bafta nzima? Bafta ya madukani?"

"Ndiyo, mzee. Ni uchafu."

"Lakini... inafulika."

"Itachomwa."

Wasio Wapare hawataelewa maumivu ya mzee yule. Kwetu, kamba ikikatika inaungwa. Ikikatika tena inaungwa. Ikiwa fupi isiyofunga mbuzi, inafunga kuku. Nilimwona Ebenezer akikitazama kitambaa kile jinsi bwana harusi anavyotazama mlango.

Aminieli akatundika vitambaa, akapanda lori kwenda Maore kukagua vyoo, akatuacha na bendera zetu.

Kosa lake ni kwamba hakuwauliza wenyeji bendera nyeupe kwenye mti maana yake nini. Kila mtu anajua: hapo kuna mganga. Keshoye akatokea mama mmoja kutoka kijijini, mtoto mgongoni anakohoa, akapiga magoti mbele ya sufuria letu.

"Nimeelekezwa kwa mganga mpya."

"Hapa ni makande," shangazi akasema.

"Ndiyo hiyo dawa?"

"Mama, hicho ni kitambaa cha boma. Cha kupimia moshi."

"Na mwanangu kifua chake kimejaa moshi! Ndiyo maana nimekuja."

Shangazi akamkalisha kivulini upande usiokuwa na moshi, akampa mtoto bakuli la makande na maji ya moto. Mtoto akala, akatoa mlio mmoja wa kushiba, akalala bila kukohoa. Yule mama akatuachia yai. Jioni walikuwa wamefika wengine wanne, mmoja anataka dawa ya mume. Mwamvita akamwambia, "Hiyo dawa tungekuwa nayo, mimi na Zipora tusingekuwa hapa tunafukuta."

Kwa hiyo tulicheka. Lakini shangazi alikuwa akiinua macho kwenye kitambaa chetu kila aliposukuma kuni. Alianza kuchagua kuni kavu tu, moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Hata hivyo kitambaa kilibadilika. Kilianza cheupe, kikawa rangi ya maziwa ya jana, kikawa rangi ya jivu.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "nikipanda pale na sabuni kidogo..."

"Ukipanda, shuka upande wa pili uendelee mpaka Mhezi."

"Nani atajua?"

"Mimi. Na Mungu. Na Mwamvita, ambaye ni mbaya kuliko sote wawili."

"Nimesikia!" Mwamvita akasema.

Jumapili tukaenda kanisani. Na hapo ndipo pua yangu ilipoanza kuwasha.

Mzee Ebenezer akiongoza kwaya alikuwa akiongoza kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefukuza ndege kwenye shamba la mtama. Sauti ya nne wakichelewa, mkono wa kulia unapaa mpaka unakaribia taa. Jumapili ile akasimama mbele na shati jipya jeupe, linang'aa, limepigwa buluu hata macho yanauma, na akaongoza kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia umebana ubavuni kama amebeba yai kwapani. Kwaya iliyumba. Sauti ya nne wakaingia kwenye ubeti wa watu wengine.

Tulipotoka nikamfuata. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Mkono umekuwaje?"

"Baridi yabisi."

Baridi yabisi! Same, mwezi wa joto, mahindi yanataka kuwa bisi yakiwa shambani.

"Pole, mzee. Shati zuri."

"Nimeliagiza Tanga," akasema, akaondoka haraka, kiwiko kimegandamana na mbavu.

Nilimwambia shangazi. Akasema niache wivu wa nguo, mtu mzima ana haki ya kuumwa. Lakini tangu nimjue mzee yule, alikuwa hajawahi kuagiza kitu Tanga, hata barua. Alisubiri apatikane mtu anayekwenda.

Jumatatu gulio likajaa. Watu walishuka kutoka milimani na ndizi zao, wakapanda kutoka tambarare na samaki wakavu, na wote waliposikia kuna hukumu ya moshi wakaacha bei zao wakaja stesheni. Mpare anaweza kukosa chumvi, kesi haikosi. Aminieli, amerudi kutoka Maore na soksi zake zina vumbi, akaweka meza uwanjani.

Kikaletwa cha stesheni. Cheusi kama tako la sufuria. Watu wakaguna, lakini hilo lilikuwa la Serikali.

Kikaletwa chetu. Rangi ya punda. Aminieli akakitandaza mezani, namba tatu ikionekana pembeni, akakitazama na kutikisa kichwa kwa huruma. Shangazi akaanza tena kuuzungusha upindo wa kanga.

Kisha Ebenezer akaja mwenyewe, kofia ya pama kichwani, shati lake la Jumapili mwilini, amekibeba kitambaa cha uani kwake kwa mkono wa kushoto. Akakiweka mezani.

Cheupe. Cheupe kama jino la mtoto.

"Mzee," Aminieli akasema taratibu, "mashine ilikuwa ikifanya kazi?"

"Kila siku, Bwana Afya. Moshi wangu haukai chini. Unapanda juu moja kwa moja, kwa Mungu."

"Ndiyo maana Mungu anakohoa," akasema Mwamvita.

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kitambaa kilikuwa kinajieleza. Aminieli akavuta pumzi ya kutamka hukumu, nami nikaona shangazi ameyaelekeza macho kwenye sufuria lake kama mtu anayeaga mgonjwa. Aminieli akavipanga vitambaa mezani kimoja juu ya kingine, kwa unadhifu tu, maana alikuwa mtu wa pasi. Akasita.

"Mbona hiki ni kifupi?"

Kweli. Cha Ebenezer kilikuwa karibu nusu ya vingine.

"Kimerudi, bwana," akasema Ebenezer.

"Kimerudi?" Mwamvita akadakia. "Kimerudi kutoka wapi? Kilikuwa kimesafiri?"

Hapo kicheko kikafika mpaka kwenye mabehewa. Ebenezer akamgeukia kwa heshima ya kizee. "Mama, nguo hurudi. Inajikunja, inakuwa fupi. Wewe ni mwanamke, hujui nguo?"

Na shangazi Zipora akasema kwa sauti ya chini, "Nguo hurudi ikifuliwa, mzee. Cha kwangu kimekaa juani siku zote hizo, na hakijarudi hata upana wa ukucha."

"Ni umande," akasema Ebenezer.

"Umande wa Same!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Tugawie, tunyweshee mbuzi!"

"Na namba iko wapi?" akauliza Aminieli.

"Imefutika kwa jua."

Karani wa stesheni, aliyekuwa amekuja kudai kopo lake la rangi, akasema, "Jua gani hilo? Mabehewa yanashinda juani Tanga mpaka Moshi na namba zake bado yanazo."

Aminieli akajikuna shingo. Alikuwa kijana, na aliyekuwa mbele yake ni mzee wa kanisa mwenye mvi. Kukisia ni rahisi, lakini kumwambia mzee umesema uongo mbele ya gulio zima si kazi ya kaptura. Akatazama huku na huku, na nikajua anataka kuahirisha. Akiahirisha, mashahidi watarudi milimani na ndizi zao, na kitambaa kitabaki kusema peke yake.

Nikaangalia ng'ambo ya reli. Vumbi lilikuwa linainuka. Saa nane ilikuwa inakuja, kama kila siku, kwa miguu yake.

"Bwana Afya," nikasema, "mzee wetu hawezi kusema uongo. Aape tu, yaishe."

"Aape!" watu wakaitikia. Hakuna kitu Wapare wanachopenda kama kiapo cha mtu mwingine.

"Nitaapa," Ebenezer akasema, na akainua mkono wa kushoto.

"Wa kulia, mzee," nikasema. "Kama mahakamani."

"Una baridi yabisi, binti, nilikuambia."

"Unayo wewe au ninayo mimi?" nikauliza, na watu wakacheka, na ule muda wa kucheka ndio niliokuwa nautaka.

"Basi pole, mzee, tumsubiri apumzike," akasema Mwamvita, ambaye alikuwa ameliona vumbi pia. "Mnajua baridi yabisi inavyouma. Marehemu bibi yangu alikuwa nayo, kwanza ilianzia kidoleni, halafu ikapanda..."

"Mama Mwamvita, kwa ufupi," akasema Aminieli.

"Ndiyo, kwa ufupi. Ikapanda kwenye kifundo, tukaita watu wa Maore..."

Na upepo ukafika. Ulipita reli, ukapeperusha magunia, ukawafunika wote vumbi, na ukaichukua ile kofia ya pama kichwani kwa Mzee Ebenezer kama mtu anayechukua kifuniko cha chungu.

Kofia ile aliinunua kabla ya vita. Ni kitu pekee alichowahi kununua bila kupunguziwa bei. Ebenezer hakufikiri. Akaruka, na mikono yote miwili ikapaa juu, kama kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo wa Pasaka, akaidaka kofia hewani. Kulikuwa ni kudaka kuzuri, nasema kweli.

Akabaki hivyo, mikono juu. Na chini ya kwapa la kulia, pameandikwa kwa rangi ya mabehewa, imelala kidogo upande, kubwa kama sahani: mbili.

Upepo ukapita. Vumbi likatua.

"Nilimwambia tukikate kile kipande," ikasikika sauti ya Omari, fundi cherehani wa sokoni, kutoka kwenye watu, anajitetea kabla hajaulizwa. "Nikamwambia, mzee, kina rangi, tukitupe. Akasema hakuna cha kutupa."

Ebenezer akashusha mkono polepole, lakini kilichoonwa kimeonwa.

"Mzee," akasema Aminieli, "hiyo namba kwapani ni ya nini?"

Mzee wa kanisa akainua tena mkono, akainamisha kichwa, akachungulia kwapani kwake kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

"Aa, hii," akasema. "Hii ni saizi. Mashati ya Tanga huandikwa saizi. Mimi huvaa namba mbili."

"Kweli," akasema Mwamvita. "Na namba moja iko stesheni, na namba tatu kwa Zipora. Ungetuambia tu, tungepima sote."

Shangazi yangu alikuwa ameshatupita, anakwenda zake jikoni kuongeza kuni. Kwa mbali garimoshi la Moshi lilikuwa linapiga honi. Aminieli akakichukua kile kitambaa kifupi mezani, akakiweka sambamba na pindo la shati la mzee, ncha kwa ncha, na vikakutana kama midomo.

"Livue, mzee," akasema. "Linarudi boma."